Zulia la sebuleni limelowa masika yote: nilitupe jaani au bado lina kazi?

BintiFuoni (mwenye uzi)
Ijumaa, saa 2:40 usiku

Asalaam alaykum waungwana. Nataka ushauri, kucheka mcheke baadaye.

Nina zulia la ukuta hadi ukuta, mita 4 kwa 5 na kidogo, tulilitandika sebuleni tulipohamia nyumba hii ya Fuoni. Masika haya maji hayakuingia mlangoni wala dirishani, yamepanda yenyewe kutoka chini. Asubuhi moja nakanyaga pembeni mwa kabati nasikia chwa! kama nimekanyaga sifongo. Juzi nimelikunja mie na kijana wa jirani, likatushinda kulitoa. Mwisho nikalipasua mapande mawili kwa kisu changu cha samaki ndo likapita mlangoni. Chini yake mchanga. Si vumbi, nakwambieni mchanga, nimeuzoa umepita nusu ya ndoo ya lita 10. Na miaka saba nafagia kila siku!

Sasa limelala uani kama nyangumi. Mume wangu anataka lipakiwe likatupwe jaani Kibele, mwenye gari la punda kataka elfu 15. Mama mkwe anasema litiwe moto, tena leo leo. Mie roho inaniuma, kwa sababu katikati bado zuri, rangi haijapauka. Kuna anayejua la kulifanyia?

JiweLaBaraza
Ijumaa, saa 2:58 usiku

Kata vipande vya kufutia miguu, gawa mtaa mzima. Ukibakiwa na vingi, vuka barabara.

Mzee_wa_Kapeti
Ijumaa, saa 3:25 usiku

Pole bibie. Mie nimetandika mazulia miaka mingi, mahotelini na majumbani mwa watu, mpaka magoti yakagoma. Sasa nipo barazani, kwa hiyo nina wakati wa kuandika.

Tuanze na maji. Sakafu nyingi za kwetu zege limemwagwa juu ya kifusi, hakuna nailoni ya kuzuia unyevu chini yake. Ardhi ikishiba masika, simiti inavuta maji kama utambi wa koroboi. Sakafu ikiwa tupu yanakauka juu kwa juu, wala huyaoni. Ukiifunika kwa zulia lenye mgongo wa gundi hayana pa kutokea, yanabaki baina. Kwa hiyo hata ukienda Darajani kesho ukanunua jipya na kulibana ukuta hadi ukuta, masika ya mwakani utafungua uzi mwingine. Tandika busati dogo au mkeka, kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukikunja na kukitoa juani.

La pili. Zulia la kiwandani ni vitu vinne vimegandishwa pamoja: nyuzi za juu, kitambaa kilichochomekwa hizo nyuzi, gundi ya mpira iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, halafu kitambaa cha mgongoni. Uzito uliokushinda mlangoni, ukiacha maji, sehemu kubwa ni ile chokaa. Gundi ikizeeka inapukutika unga. Kwa hiyo usijilaumu sana na ufagio, sehemu ya ule mchanga wa ndooni ni zulia lenyewe.

Ligeuze utazame mgongo. Ukiona kitambaa cha rangi ya gunia la karafuu, hiyo ni juti, na juti ikilowa muda mrefu inaoza, hilo halina maisha. Ukiona wavu mgumu wa kung'aa kama polo la mchele, hiyo ni plastiki, haiozi.

Halafu pima nyuzi. Chomoa chache, zishike kwa koleo au kibanio, nje ya nyumba, ndoo ya maji chini yake, uwashe kiberiti. Zikinuka nywele zilizoungua, zikazimika zenyewe na jivu likasagika vidoleni, hiyo ni sufi ya kondoo, na usilikate kabla hujamwonesha mtu anayejua bei. Zikiyeyuka na kuwa tone gumu ni za kutengenezwa: nailoni, polista au polipropilini. Kuzitenganisha hizo chukua nyuzi tupu uzitie kwenye glasi ya maji. Polipropilini inaelea, nailoni na polista zinazama. Tia tone la sabuni kwanza, la sivyo mapovu yatakudanganya. Kisha njoo utwambie.

KichwaMaji
Ijumaa, saa 3:41 usiku

Maabara ya nini yakhe? Mafuta ya taa chupa moja, kiberiti, Alfajiri haijaadhiniwa uani kweupe.

UmmuSwaleh
Ijumaa, saa 3:50 usiku

Ndo akili hizo zilizotufikisha hapa. Mtaani kwetu mtu alichoma kapeti la mpira, lile la maua la kutandika jikoni, jioni, upepo wa kusi unavuma. Moshi mweusi kama lami. Nguo zangu za kambani ilibidi nizifue tena mara mbili, na mwanangu ana pumu, usiku kucha nimekaa naye na dawa ya kuvuta. Kapeti la mpira lina klorini ndani yake, likiungua linatoa gesi ya asidi inayochoma koo na sumu za jamii ya dioksini ambazo haziondoki na upepo, zinatua kwenye mchicha wako na kwenye kuku wako. Haya ya nyuzi nayo moshi wake si udi.

Mama mkwe mwambie taratibu, lakini mwambie.

ChakeAsili
Ijumaa, saa 4:15 usiku

Nyie wa Unguja mnahangaika bure. Huku Pemba zulia kuukuu ukilitangaza linagombewa. Msimu wa karafuu ukija na majamvi yakiwa machache, unaanikia.

Mchumaji_Konde
Ijumaa, saa 4:37 usiku

Ndugu yangu Chake, hilo usimfundishe mtu. Mie nilifanya, na nitakwambieni lililonikuta.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa mpaka matawi yanalala. Majamvi yalijaa, nikatoa zulia la ukumbini nikalitandaza uani, karafuu juu. Siku ya kwanza naona raha, laini, hazibiringiki. Siku ya pili jioni nazoa ndo nakiona cha moto. Karafuu ina kichwa na vikucha vinne, nyinyi mnaijua, basi kila kikucha kimeshika uzi. Uzi mwekundu na wa kijani, zulia lilikuwa la maua. Tulikaa watu watano na taa tunachambua punje moja moja mpaka usiku wa manane, bi mkubwa ananitazama tu hasemi kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kusema. Tena zile za chini hazikukauka sawa, zulia limeshika umande, zikatoka weupe weupe. Kituoni zikashushwa daraja.

Jamvi la ukili linapumua, hewa inapita chini. Zulia lina mgongo wa gundi, halipumui. Kitu cha kuliwa usikianike juu ya zulia, iwe karafuu, pilipili, dagaa au mwani.

ChakeAsili
Ijumaa, saa 4:44 usiku

Nimenyamaza.

BintiFuoni
Jumamosi, saa 10:20 jioni

Nimerudi. Mtihani wa kwanza nimefeli.

Nilikata kipande cha kona, kadiri ya ukucha wa dole gumba, nikakitia kwenye glasi. Kikazama pale pale. Nikafurahi, nikasema nailoni hiyo. Kuja kumsoma Mzee tena, kaandika "nyuzi tupu". Kumbe kilichonizamia ni gundi na chokaa yake. Basi nikachukua kibanio changu cha nyusi nikachomoa nyuzi kama 20, nikatia tone la sabuni, nikakoroga. Zote zinaelea. Nikazikandamiza chini kwa kijiko, zikarudi juu. Nimeziacha toka Adhuhuri hadi Alasiri, ziko juu zinanitazama.

Kwa moto ndo kabisa: zimejikunja kabla moto haujazigusa, tone likaanguka ndoani, tsss, harufu kama mshumaa uliozimwa. Mgongo ni ule wavu kama polo. Pande moja linanuka ubichi tu. La pili, lile lililokuwa nyuma ya kochi, lina ukungu mweusi umeingia mpaka kwenye mizizi ya nyuzi.

JiweLaBaraza
Jumamosi, saa 10:31 jioni

Yaani Zanzibar tumepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, kumbe plastiki yenyewe tumeikalia sebuleni tunakunywa chai.

Mzee_wa_Kapeti
Jumamosi, saa 11:05 jioni

Ahsante kwa kurudi, wengi wakishauliza hupotea. Polipropilini hiyo, jamaa moja na polo la mchele na mikeka ya plastiki ya Dubai. Uzuri wake ni kwamba uzi wenyewe haunywi maji, ukiuanika unakauka. Ila ina maadui wawili. Wa kwanza ni moto, inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, kwa hiyo usiliweke karibu na jiko la mkaa, na pasi ya moto usiiweke juu yake hata kwa utani. Adui wa pili ni jua la siku zote. Siku mbili tatu za kukausha hazina neno.

Pande lenye ukungu liache liende. Usilipige fimbo, usilikate, funga pua na kitambaa, likunje, liende Kibele. Ukungu ukishaingia kwenye gundi hautoki kwa sabuni wala kwa jua, na ukilipigapiga unaupeleka kwenye kifua cha mtoto. Lile zuri lianike juu ya kamba mbili au ukutani, mgongo kwanza, kisha uso. Kusi linavuma sasa, halitachukua muda.

Mkulima_Tunguu
Jumamosi, saa 1:30 usiku

Mie ningelichukua nikalaze baina ya mapapai kuzuia magugu. Kuna ubaya?

UmmuSwaleh
Jumamosi, saa 1:52 usiku

Mpaka lini? Kaka yangu alifanya hivyo kwenye migomba. Mwaka wa kwanza safi, nyasi hazioti, kila mtu anamsifu. Mwaka wa pili ukilishika linakatika mkononi kama bofulo kavu. Jua limelila. Magugu yakaota juu yake, mizizi ikashikana na wavu, huwezi kung'oa wala kulima, na kila jembe likipita linatoka na furushi la nyuzi. Kuku wakawa wanadonoa nyuzi za bluu. Mpaka leo anaokota. Tumia makuti, au majani ya migomba, yakioza ni mbolea.

Mkulima_Tunguu
Jumamosi, saa 1:58 usiku

Haya, nimefahamu. Makuti.

Mzenji_Leicester
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Nawasoma kutoka huku kwenye baridi. Msidhani Wazungu wamelimaliza tatizo hili, nao linawasumbua, kwa sababu ile ile ya Mzee: vile vitu vinne vimegandana, kuvitenganisha kuna gharama kuliko kutengeneza kipya.

Uingereza tangu 2008 kuna chama cha wenye viwanda na wakusanyaji, Carpet Recycling UK. Mazulia yanachambuliwa kwa aina ya uzi, mengine yanasagwa na hizo nyuzi huchanganywa na mchanga kwenye viwanja vya kukimbizia farasi, ili mchanga usitawanyike. Mengi mengine yanachomwa kwenye tanuri za kuzalisha umeme, zenye machujio ya moshi, si hizo za KichwaMaji. Marekani jimbo la California lilipitisha sheria 2010: ukinunua zulia jipya unalipa ada ndogo papo hapo dukani, na fedha hizo ndizo zinazolipia kukusanya na kusaga yale makuukuu. Anayenunua jipya ndiye anayelizika la zamani.

Yenye bahati ni nailoni, hasa ile wanayoiita nailoni 6. Inaweza kuvunjwa kikemia irudi kuwa ile malighafi yake, kaprolaktamu, kisha isokotwe upya iwe uzi kama wa mara ya kwanza. Kwa hiyo BintiFuoni angekuwa na nailoni, tena angekuwa huku, huenda angempata wa kuichukua. Yake ndo hivyo, inaelea.

JiweLaBaraza
Jumamosi, saa 4:16 usiku

Sisi farasi hatuna. Tuna punda, na tayari kataka elfu 15.

GariLaNgombe_Wete
Jumamosi, saa 4:30 usiku

Ukitaja punda niulize mie. Watu wanakata zulia wanamwekea punda mgongoni chini ya mzigo, wakidhani wanamfanyia hisani. Zulia la plastiki halinyonyi jasho, linapata moto, na ule mgongo mgumu unasugua. Wiki mbili ana kidonda. Chini weka gunia la juti au shuka kuukuu ya pamba, zulia likae juu ya hilo. Kwenye kiti changu mwenyewe cha gari ndo nimelitandika, miaka miwili, sijambo.

Abu_Twalha
Jumapili, saa 2:05 asubuhi

Naingilia kidogo. Msikitini kwetu mfadhili alileta mazulia mapya Shaaban. Ya zamani yamekunjwa yapo kwenye chumba cha jeneza, panya wanazalia humo. Kijana mmoja keshajikatia kipande cha kutandika kwenye buti ya gari, watu wakanong'ona. Kuna ubaya gani nasi tukichukua? Yatakwisha bure.

Maalim_wa_Kijijini
Jumapili, saa 3:40 asubuhi

Ami Abu Twalha, usikate kabla ya kuuliza. Zulia likishawekwa wakfu si la imamu, si la mfadhili, wala si la mtu aliyeswalia safu ya kwanza miaka 20.

Lakini wanavyuoni wetu wa Kishafii hawakutuacha tufuge panya. Imamu Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj kaitaja hasa mikeka ya msikiti iliyochakaa, na kauli aliyoipa nguvu ni kuwa inafaa kuuzwa. Thamani yake inarudi kwenye maslaha ya msikiti wenyewe. Kwa hiyo yule kijana kosa lake ni kujichukulia. Msimamizi ayatoe, ayapangie bei, hata elfu 2 kipande, aandike, pesa zitiwe kwenye sanduku la msikiti. Ukishanunua ni mali yako kama ulivyonunua dukani.

JiweLaBaraza
Jumapili, saa 3:46 asubuhi

Hata nikimtandikia punda, Maalim?

Maalim_wa_Kijijini
Jumapili, saa 4:02 asubuhi

Mali yako. Ila kama lina picha ya Al-Kaaba au mihrabu, ile sehemu ikate uiweke pembeni. Hilo nakwambia kwa adabu tu, si fatwa.

Babu_Malindi
Jumapili, saa 5:15 asubuhi

Mnazungumza mazulia ya gundi tu. Sisi wengine tuliyakuta yale ya kufumwa kwa mkono. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Ghuba, yamejaa tende, samaki wakavu na mazulia ya Kiajemi, yakirudi na kusi yanabeba boriti za mikoko. Kuna nyumba Mji Mkongwe mpaka leo zinayo na wenyewe hawajui walichonacho, watoto wa paka wanayakalia. Geuzeni mgongo: ukiona maua yale yale ya mbele yanaonekana na nyuma, fundo kwa fundo, wala hakuna kitambaa kilichogundishwa, basi lifungeni vizuri, msilikate. Sufi ya vile hata ikitoboka inatiwa viraka na thamani inabaki.

BintiFuoni
Jumamosi iliyofuata, saa 9:50 alasiri

Waungwana, kazi imekwisha, nimeona nirudi nitoe hesabu.

Pande la ukungu limekwenda Kibele. Punda kashuka mpaka elfu 8 alipoona ni nusu. Lile jengine nimelianika siku tatu, nikalipiga kwa mpini wa ufagio, mchanga ukatoka tena, sijui ulikuwa umejificha wapi.

Mzee alinipigia ujumbe wa pembeni akanifundisha kukata: unalilaza kifudifudi, unapiga mstari mgongoni kwa chaki, unapaka gundi nyeupe ya maseremala juu ya mstari, unaiacha ikauke usiku mzima, ndo unakata kwa wembe katikati ya ile gundi. Nyuzi hazitoki. Vya kwanza nilivyokata bila gundi vilikuwa vinanyonyoka kama kuku. Pindo nimezishona kwa shazia na uzi wa mshipi, nikazungushia vitambaa vya kanga kuukuu. Vidole vyangu msiviulize.

Vipande vitatu virefu kachukua fundi wa gereji ya hapa mbele, analalia akiingia chini ya magari. Kimoja nimekunja mara mbili nikaweka chini ya mashine ya kufulia, zamani ilikuwa ikikamua inatembea mpaka mlangoni, sasa imetulia. Viwili milangoni, ndiyo JiweLaBaraza, viwili tu. Na kidogo kimoja nimekigongomea kwenye kiti cha mbuzi ya kukunia nazi. Mama mkwe aliyetaka litiwe moto leo kakaa hapo kakuna nazi tatu, kanyanyuka kasema, "Kwa nini hukufanya hivi zamani?"

Nimebakiwa na kipande kimoja, mita 1 kwa 2, kisafi.

Dau_la_Kizimkazi
Jumamosi, saa 10:12 jioni

Dada, hicho nakitaka. Deli langu la barafu linateleza ndani ya dau kila wimbi likija, na nanga imenichubua mbao. Nitakitia ndani tu, chini ya deli na chini ya nanga, nje sikitandiki, nimeyasoma ya nyuzi, na bahari ndo shamba langu. Pesa sina leo, nina samaki, changu.

BintiFuoni
Jumamosi, saa 10:20 jioni

Wangapi?

Dau_la_Kizimkazi
Jumamosi, saa 10:21 jioni

Mmoja mkubwa.

BintiFuoni
Jumamosi, saa 10:23 jioni

Wawili, na uje umeshawapara. Kisu changu tangu kilipompasua nyangumi hakikati hata ndimu.